Samli ya Siri

Mama mkwe alinipokea mlangoni kama mkaguzi wa mizigo. Salamu yangu aliiitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kikapu.

"Weka mezani," akasema. "Toa kimoja kimoja, nione."

Nikatoa. Dengu nyekundu zilizokobolewa. Bilinganya mbili nene. Koliflawa, nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, ndimu, fungu la majani ya giligilani, kopo la mtindi usio na mafuta. Halafu vikopo vyangu vya viungo: manjano, bizari nyembamba, mbegu za haradali, pilipili kavu. Mwisho nikatoa kichupa cha mafuta ya alizeti, kidogo kama cha dawa ya kikohozi.

Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa.

"Hiki cha nini?"

"Mafuta, mama. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima."

"Kimoja?"

"Kimoja tu."

"Nitakipima mimi mwenyewe."

"Sawa, mama."

Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mtu aliyepokea watoto wengi kiasi kile hababaishwi na mkwe. Isitoshe, nilikuwa kwenye jiko lake. Mke wangu alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Ilikuwa wiki ya tatu tangu atoke hospitali, na nyumbani kwetu hakuwa amerudi, kwa sababu mama yake alisema hatarudi.

Niseme kidogo ya nyuma, ili ujue ni mtu wa namna gani aliyesimama jikoni pale Jumapili ile.

Mimi ni mpishi. Napika katika mkahawa wa vyakula vya Kihindi visivyo na nyama, na wenzangu huniita Karai, kwa sababu karai kubwa la pale jikoni haliguswi na mtu mwingine nikiwepo. Mke wangu ni fundi wa miwani. Anapima macho ya watu na kuchonga vioo, na kazini kwake wamembandika jina la Milimita, maana kioo kikipotoka kwa kiasi hicho tu hakimpiti. Tulijuana nilipokwenda dukani kwao nikilalamika kwamba namba za kwenye mizani yangu zinanichezea. Akanipima, akaniambia macho yangu ni mazima, nikaoshe mizani. Ijumaa iliyofuata akaja kula mkahawani. Aliagiza dengu. Nilimchungulia kupitia kidirisha cha kupitishia sahani: alipoonja kijiko cha kwanza alifumba macho, akatulia, kisha akayafumbua na kuyainua taratibu, akimtafuta aliyepika. Yakanikuta. Huu ni mwaka wa tisa, na sijawahi kutoka kwenye yale macho.

Mwaka jana vipimo vyake vya damu vikaja vibaya. Mafuta mengi kwenye damu, daktari akasema, na kwa kuwa baba yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka arobaini na minne, asifanye mchezo. Nyama aache, vya kukaanga aache, samli asiiguse. Milimita akarudi na karatasi ya maelekezo akaibandika kwenye friji, akanunua kijiko cha kupimia, akaniwekea kiganjani.

"Mpishi ni wewe," akaniambia. "Roho yangu iko kwenye sufuria yako."

Nikampikia kama ilivyoandikwa. Dengu zikatoka kama maji ya kuoshea mikono. Akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini, akasema asante. Asante! Miaka minane hakuwahi kuniambia asante kwa chakula. Alikuwa akifumba macho tu, na hiyo ilitosha. Siku ya nne nikashindwa kuvumilia. Akiwa anaoga, nikachota samli kijiko kikubwa, nikakaangia bizari na kitunguu saumu, nikaimwaga kwenye dengu na kukoroga mpaka ikapotea. Alimaliza sahani. Alifumba macho.

"Bila mafuta, umewezaje?" akaniuliza.

"Siri ya mpishi," nikajibu.

Siri hiyo nikaibeba miezi kumi na moja.

Siyo kwamba sikujaribu kuacha. Vipimo vya pili viliporudi vibaya, niliapa. Siku mbili nikapika kikavu. Siku ya tatu akanitania, "Karai, leo mkono wako umeuacha kazini?" Nikairudia samli. Yeye akaongezewa dawa, dawa ikamuumiza misuli hadi akawa anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Akaanza kutembea kilomita nne kila asubuhi. Akaacha chakula cha jioni mara mbili kwa wiki. Mafuta kwenye damu hayakushuka, nami nilijua kwa nini, na kila siku niliyochelewa kusema iliifanya ya kesho yake iwe nzito zaidi. Kisha asubuhi moja, akiwa anamvalisha mteja miwani, akashika kifua na kukaa chini sakafuni. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba. Wakauzibua, wakasema ana bahati.

Mama yake alihisi tangu mwanzo kwamba chakula changu kina mkono katika jambo lile. Hakujua alikuwa karibu na ukweli kiasi gani. "Mapishi ya mkahawani hayo," alisema, na kwa wiki mbili akamlisha mwanawe kabichi ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, na kabichi tena. Mke wangu akakonda. Mwishowe akagoma: hali kitu mpaka nije kumpikia. Mama akakubali kwa sharti moja, nipike kwake, mbele ya macho yake.

Na mimi wiki hizo nilikuwa peke yangu nyumbani nikijifunza upya kazi ninayoijua. Nilimwaga sufuria baada ya sufuria. Dengu zikakataa, zikakataa, kisha siku moja zikakubali: tamu, nzito, zenye harufu, na mafuta kijiko kimoja cha chai. Ndicho kilichonichoma zaidi. Ilinichukua siku kumi na sita. Ningeweza kuzitafuta siku hizo mwaka uliopita, sikuzitafuta.

Basi nikaanza na bizari, kwenye kikaango kikavu, moto mdogo.

"Huweki mafuta?" mama akauliza, amesimama begani kwangu.

"Mbegu zina mafuta yake, mama. Zikipata joto zinayatoa zenyewe."

Harufu ikapanda. Pazia likasogea.

Alitoka taratibu, mkono mmoja ukutani, amevaa sweta la mama yake lililomzidi mabega. Kifundo cha mkono kilikuwa kimebaki mfupa. Macho yetu yakakutana juu ya kitambaa cha kichwa cha mama, nikasahau niko wapi.

"Bizari itaungua," akasema.

"Naam."

"Usiseme naam. Tikisa."

Nikatikisa. Mama akamvutia kiti karibu na meza, akamfunika magoti kwa khanga, na mimi nikageukia jiko kwa sababu uso wangu haukuwa wa kutazamwa.

Vitunguu nikaviweka kwenye sufuria kavu. Vilipoanza kushika chini nikavinyunyizia maji kidogo, vikaachia, nikakoroga; vikashika tena, nikanyunyiza tena. Ukiwa na subira vinageuka rangi ya kahawia kama vilivyokaangwa, ila mkono utalipa. Nikatia tangawizi, nyanya, manjano, kisha dengu na maji. Bilinganya nikazichoma juu ya moto wenyewe hadi ganda likawa jeusi, nikazimenya, nikaziponda pamoja na mtindi niliouchuja kwa kitambaa mpaka ukawa mzito kama malai ya maziwa. Koliflawa nikaipaka mtindi na viungo, nikaisukuma kwenye oveni.

Simu ikaita sebuleni.

"Msiguse kitu," mama akasema, akatoka.

Tukabaki wawili. Dengu zinatokota. Sikujua mikono niiweke wapi.

"Karai."

"Mke wangu."

"Nyumbani kunanuka nini siku hizi?"

"Hakunuki kitu. Nashinda nimefungua madirisha."

"Mwongo." Akanivuta mkono wa shati, akauleta puani. "Bizari. Hata ukiogeshwa kwa sabuni ya kufulia haitoki." Hakuuachia mkono. "Usiku nageuka kukutafuta, nakuta ukuta. Nataka kurudi kwangu."

"Mama hatakubali."

"Atakubali leo. Anadhani wewe ndiye uliyeniumiza, na leo nalimaliza hilo jambo."

Nikakoroga dengu kwa mkono uliobaki. "Usimwambie kitu. Tule tu."

"Kwa nini nisimwambie? Umehangaika na mimi mwaka mzima. Watu wengine wake zao wakiugua wanakwenda kula kwa dada zao."

Hatua zikasikika, akaniachia mkono kama msichana aliyefumaniwa.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Tunaisubiri koliflawa, mama."

"Hiyo koliflawa ina mambo."

Ukafika wakati wa mafuta. Mama akakishika kichupa mwenyewe, akamimina kijiko kimoja cha chai, akakisawazisha kama dozi ya mtoto mchanga, tone lililozidi akalirudisha. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikatupia mbegu za haradali, zikarukaruka, nikaongeza kitunguu saumu na pilipili, nikamwaga vyote juu ya dengu bila kukoroga.

"Hukorogi?"

"Yakikaa juu, ulimi unayakuta kwanza. Ukikoroga yanapotea, halafu unajikuta unaongeza."

Nilisikia nilichokisema. Hakuna mwingine aliyekisikia.

Nikampakulia. Akachota dengu, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. Nilikuwa nimeomba wiki tatu niyaone tena macho yale yakifumba, na yalipofumba nilitamani nisiwepo. Mama naye akaonja, kwa ncha ya kijiko, kama anayeonja dawa ya mtu mwingine. Akaonja tena. Mara ya tatu akachukua sahani.

"Umeona, mama?" mke wangu akasema. "Ndicho nilichokuwa nakueleza. Hivi hivi ndivyo alivyonipikia mwaka mzima. Kijiko kimoja, na umekipima mwenyewe. Ladha ndiyo hii hii."

Mama akaweka sahani chini. Akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, akanigeukia.

"Mkwe wangu."

Hakuwa ameniita hivyo tangu hospitali.

"Nilikusema vibaya. Shangazi zake wote niliwaambia unampikia mwanangu kaburi. Leo nimeona kwa macho yangu. Nisamehe."

"Mama, tafadhali, usi..."

"Niache nimalize. Mtu mzima akikosea aseme, asijifiche nyuma ya mvi."

"Wala si kosa la mtu," mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa na amani iliyonimaliza. "Ni damu yangu. Damu ya baba. Nimeshaikubali. Ndiyo maana hata lile la mtoto niliamua vizuri."

Lile la mtoto. Tulikuwa tumekubaliana kujaribu mwaka ule. Alikuwa ameshatimiza miaka thelathini na sita. Vipimo vya tatu viliporudi vibaya, alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia tuache, asije akamrithisha mtoto damu inayoua. Nilimkumbatia. Nikamwambia nampenda hivyo hivyo. Kwenye kabati la jikoni, hatua kumi kutoka kitandani, kopo la samli lilikuwa nusu.

Mama alikuwa amenishika bega. Mke wangu alikuwa akinitabasamia. Msamaha ulikuwa mezani, umepakuliwa, nilichotakiwa ni kula tu.

"Ilikuwa samli," nikasema.

"Nini?"

"Ladha ya mwaka jana. Haikuwa hii. Ilikuwa samli. Nilikuwa natia samli."

Dengu zilikuwa bado zinatoa moshi. Mama akaondoa mkono begani kwangu.

"Rudia," mke wangu akasema.

"Nilikuwa nakutilia samli kwenye chakula. Kwa siri. Tangu wiki ya kwanza."

Akaivua miwani, akaiweka mezani taratibu. Nilimjua, ndivyo anavyofanya kabla ya kupima.

"Kijiko kipi?"

"Kikubwa. Cha kulia."

"Vingapi?"

"Kimoja. Baadaye viwili."

"Viwili kwa sufuria?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Viwili kwa sahani yako."

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Zote. Ukiondoa siku mbili nilizojaribu kuacha."

"Na siku niliyoleta majibu ya pili, nikajifungia bafuni nikalia?"

"Hiyo ndiyo iliyonifanya niache zile mbili. Kisha nikarudia."

"Ulinifuta machozi siku ile."

"Ndiyo."

"Ukaenda kupika."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, ameufungua hadi mwisho, mwanga wa mchana umemwagika sakafuni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, sauti imemkauka. "Nimekuomba msamaha, mimi! Toka nyumbani kwangu."

Nikaokota kikapu.

"Mama, funga mlango," mke wangu akasema. "Sijamaliza kumuuliza."

"Mwanangu, moyo wako..."

"Moyo ni wangu. Funga mlango."

Mama akafunga. Akaja akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu, nikiomba nisiwe nimemuua kwa ukweli baada ya kushindwa kumuua kwa uongo. Dakika ile ilikuwa ndefu.

"Mapigo si mabaya," mama akasema hatimaye. "Endeleeni. Ila asipandishe sauti mtu."

Mke wangu hakuwa ameniondolea macho.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huli. Ulikuwa unasema asante."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

Ingekuwa rahisi kukubali. Jibu lile lilikuwa limelala mdomoni mwangu miezi kumi na moja, nimelizoea. "Hapana," nikasema. "Nilijihurumia mimi. Ulikuwa ukila chakula changu unafumba macho, ukifumbua unanitazama. Sikutaka kuishi bila kutazamwa vile. Nilijua ninachofanya ni kibaya, nikaendelea."

Hakulia. Ningejua la kufanya angelia.

"Unajua nilichokuwa nafanya?" akasema. "Nilikuwa nasimama mbele ya kioo nautukana mwili wangu. Kila siku. Nauambia, nakunyima hiki, nakunyima kile, nakutembeza kwenye baridi, wewe unataka nini zaidi? Niliuchukia, Karai. Niliuchukia mwili huu uliokuwa hauna hatia. Na nilipokwambia tusizae, ulikuwa unajua."

"Sikujua yote. Pengine kweli damu ina sehemu yake, baba yako..."

"Usinipimie!" Mama akainua kidole, mke wangu akashusha sauti. "Usinipimie. Wewe huna tena ruhusa ya kunipimia kitu. Sehemu gani ni ya baba, sehemu gani ni ya kwako, hatasema mwongo. Atasema daktari. Jumanne saa tatu nina miadi. Utakuja, na utamwambia wewe, kwa mdomo wako, vijiko vyote. Ananiongezea dawa kwa sababu ya sahani asiyoijua."

"Nitakuja."

"Sasa nenda."

Nikanyoosha mkono kwenye sufuria, sijui kwa nini, mazoea ya mpishi, haondoki ameacha vyombo.

"Acha," akasema. "Hicho angalau ni cha kweli."

Nilipofika kwenye geti niligeuka. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona ameshika kijiko, anakula polepole, amekodoa macho wazi kama anayetafuna kwa amri. Mama amekaa pembeni yake, amemshika mgongo.

Jumanne nilimwambia daktari. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo, na aliniacha niseme hadi mwisho bila kuandika. Kisha akachukua faili, akalipekua nyuma ukurasa kwa ukurasa, mwaka mzima wa mwandiko wake.

"Nimekuwa namtibu mtu mwingine," akasema. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akapunguza dawa ile inayoumiza misuli, akasema tuanze upya, wiki sita za chakula cha kweli, kisha vipimo.

Kwa wiki sita nilipanda gari saa kumi na mbili asubuhi, nikapika kwa mama mkwe, nikaenda kazini. Wiki ya kwanza sahani ililiwa nyuma ya pazia. Mama alipima mafuta, hakunisemesha zaidi ya "zaidi" na "basi". Nilipika choroko na mchicha, bamia kavu kwa bizari, dengu nzima kwa nyanya, boga kwa ukwaju. Sikuuliza kama ni tamu. Sahani zilirudi tupu, na utupu ule haukunipa furaha hata kidogo. Niliziosha, nikazipanga, nikaondoka.

Wiki ya tatu alitoka akala mezani. Hakunitazama. Wiki ya nne alikuja akasimama pembeni yangu, miwani usoni, amekunja mikono ya sweta.

"Nionyeshe vitunguu."

"Unataka kupika?"

"Sitaki tena kula kitu nisichojua kukipika. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alivikoroga kama anachonga kioo, akatia maji kwa tone. Vikaungua.

"Ongeza maji, na usivionee huruma," nikasema.

"Huruma ninayo ya vitunguu tu siku hizi," akajibu, na mama, aliyekuwa anachambua dengu, akageuza uso dirishani tusimwone akicheka.

Siku ya tano vikakubali. Aliinua mwiko akanusa, na kwa sekunde moja nusura anigeukie, kama zamani. Akajizuia. Niliiona kazi aliyoifanya kujizuia, nikajua ni mimi niliyempa.

Wiki ya sita tukarudi kwa daktari, viti viwili, katikati yetu mkoba wake. Daktari akasoma karatasi, akaigeuza ili naye aisome. Nilimwona mke wangu anafuata namba kwa kidole.

"Imeshuka sana," daktari akasema. "Bado iko juu kidogo. Hiyo iliyobaki nadhani ni ya urithi, na dawa ndogo itaitosha. Ile nyingine ilikuwa ya sahani."

"Na mtoto?" mke wangu akauliza. Alikuwa anaiuliza karatasi.

"Moyo utulie mwaka mmoja kwanza. Halafu tukae na daktari wa moyo tuzungumze. Sitakuahidi, lakini sijasema hapana."

Mwaka mmoja. Mwaka uleule niliokuwa nimemwibia, na huu mwingine wa kuusubiri uliopotea urudi. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu kuuvuka ule mkoba.

Daktari alikuwa anajaza fomu. "Nyumbani nani anapika?" akauliza bila kuinua kichwa.

Swali lile sikuwa na haki nalo.

"Tunapika wote," mke wangu akasema. "Yeye hapiki tena peke yake."

Tulipotoka, jua la saa tano lilikuwa kali na barabara imejaa magari. Akatangulia. Nikamfuata hatua mbili nyuma hadi ukingoni, akasimama akisubiri pengo.

"Umesema nyumbani," nikathubutu.

"Aliyesema nyumbani ni daktari."

"Ukajibu."

"Nimejibu habari ya kupika." Gari likapita, akashika sketi isipepee. "Nitarudi Jumamosi. Nitalala kile chumba kidogo. Mama nimeshamwambia, amenuna, atazoea. Na wewe usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama mtu aliyesamehewa."

Nikainamisha macho. Pengo likapatikana, akashuka barabarani, nami nikavuka nyuma yake.